Mbezi–Kariakoo, konda hanidai!

Kuna baadhi yenu mkinikuta pale Kariakoo mnanishika mkono, mnaniangalia juu mpaka chini, halafu mnauliza kwa sauti ya msibani, "Bwana wewe, unaandika gazetini halafu unaendesha baiskeli?" Yaani kama vile nimefilisika jana. Leo nawajibu wote kwa mkupuo, maana nimechoka kujibu mmoja mmoja huku jasho linanitiririka.

Kwanza tuelewane. Kalamu hii inalipa soda na andazi. Kodi ya chumba inatoka kwenye kibarua changu, duka la spea za pikipiki Kariakoo, na chumba chenyewe kiko Mbezi, dakika kumi kwa mguu kutoka pale Mbezi Mwisho. Kutoka mlangoni kwangu mpaka dukani ni kama kilomita 20 hivi. Tajiri wangu anafungua saa 2:00 asubuhi na ana daftari. Ukichelewa mara tatu ndani ya mwezi, siku moja ya mshahara imekwenda na maji. Habari za foleni hataki kuzisikia, maana yeye mwenyewe analala ghorofani, juu ya hilo hilo duka!

Sasa kuna mwezi mmoja nilikatwa siku tatu. Hesabu mwenyewe nilichelewa mara ngapi. Na si kwamba nilikuwa nauchapa usingizi, la hasha. Saa 11:00 alfajiri niko kituoni, nimeoga, nimechomekea, viatu vinang'aa. Lakini daladala inafika imeshajaa waliogeuza nayo, wengine wanapitia dirishani, na wewe unabaki umeshika begi lako kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Ukiondoa nauli, na ukiondoa siku za daftari, mwisho wa mwezi nilikuwa nafanya kazi ili nipate hela ya kwenda kazini.

Ndipo nikakaa chini na karatasi. Nauli ya miezi sita upande huu, baiskeli ya mtumba upande ule. Baiskeli ikashinda hata sijamaliza kujumlisha.

Fundi mmoja alitaka kuniuzia Phoenix, ile ndefu ya chuma, akasema hiyo ndiyo baiskeli ya mwanaume. Ni kweli ile ni ngamia, unaipakia gunia la mkaa na bado inakwenda. Lakini ni nzito kinoma, haina gia, na ringi zake za chuma zikilowa mvua, breki zinashika kama zinabembeleza. Na kwetu Mbezi ni mlimani. Mwenzenu nikachukua mtumba kutoka Japani, rangi ya kijani iliyopauka, gia zake zote zinaingia. Haina urembo wowote. Ni punda wangu.

Hapo ndipo likaja suala la heshima ya mjini. Mimi ni mtoto wa Tanga, na Tanga baiskeli haina cheo. Mwalimu anapanda, karani anapanda, mama yuko na buibui lake na kapu la samaki mbele, kengele kwa sana, na hakuna anayegeuza shingo. Kule Shinyanga ukisikia watu wanasema daladala, usishangae ukiletewa baiskeli yenye kiti cha mto nyuma, ndiyo teksi yenyewe. Lakini hapa Bongo? Baiskeli ni ya muuza mkate, ya mbeba maji na ya mbeba kuku. Kijana aliyemaliza fomu foo akionekana juu yake, basi mambo yamemwendea kombo.

Hata yule mwenzangu wa ubavuni, ambaye jina lake silitaji kwa usalama wangu, siku ya kwanza aliitazama ile baiskeli kimya kama dakika nzima.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Sawa. Ukija kwetu iache kwa fundi wa kona ya pili, halafu uje kwa mguu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Haya, barabarani kukoje? Asubuhi ni starehe tupu, nawaambia ukweli. Natoka saa 12:00 kasorobo, kijua ndiyo kinachungulia, na safari kwa sehemu kubwa ni mteremko. Temboni naiona, Kimara hii hapa, Baruti ile, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Daladala iliyonipita Mbezi naikuta imekwama, abiria wamebanana kama dagaa, na kuna wakati nakutana macho na mtu dirishani ambaye jana yake alikuwa ananicheka. Kabla ya saa 1:30 nimeshafika, nimejimwagia maji pale uani, nimebadilisha shati. Tangu nianze, daftari la tajiri halijaniona.

Lakini msije mkanunua baiskeli kesho halafu mkanilaumu. Ile sehemu ya Mbezi mpaka Kimara, tangu barabara ilipopanuliwa, magari yanapita kwa kasi ya kutisha. Watu wanadhani barabara pana ndiyo salama. Kwa mwenye baiskeli ni kinyume chake, kwenye foleni hakuna atakayekugonga kwa nguvu, hatari ni pale panapochanua. Ukifika Kimara unapata afueni, maana ile barabara ya mwendokasi, ambayo mabasi yake yalianza kazi mwaka 2016, ilijengwa pamoja na njia ya pembeni ya waenda kwa miguu na baiskeli. Wazo zuri sana hilo. Ila ukiingia humo unakutana na bodaboda anakuja mbele yako, meza ya viatu, na gari la mtu limeegeshwa huku mwenyewe anakunywa supu. Njia ipo jamani! Kinachotakiwa ni iachwe ifanye kazi iliyojengewa. Pale Ubungo, chini ya yale madaraja yaliyofunguliwa mwaka 2021, magari yanatokea kila upande, kwa hiyo hapo sina ubishoo, nashuka nakokota. Na bonde la Jangwani mvua zikikolea ni la kuangalia kabla hujaingia, Mto Msimbazi haujui kama wewe unawahi kazini.

Aliyenifundisha haya mengi ni mzee mmoja wa mikate. Kila asubuhi tulikuwa tunakutana Baruti, yeye na Phoenix yake na lile sanduku la mbao nyuma. Wiki ya kwanza aliniona nimejibanza kabisa kwenye ukingo wa lami, tairi linacheza na mchanga.

"Kijana, unamkimbia nani?"

"Magari, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa ukijibana hivyo dereva anaona nafasi, anakupita kwa kukukwangua. Toka pembeni kama hatua moja. Akuone. Akipiga honi, amekuona, na akishakuona hakugongi kwa bahati mbaya."

Akanionyesha na kugeuza shingo begani bila usukani kuyumba, na kunyoosha mkono kabla ya kukata kona. Mambo madogo, lakini leseni yangu ndiyo hiyo.

Basi kukatokea wiki moja simuoni. Jumatatu hayupo, Jumanne hayupo. Alhamisi nikamuuliza mama ntilie wa pale ambaye alikuwa anachukua mikate kwake. Akaniambia lori lilimpita karibu mno, kioo cha pembeni kikampiga begani, akaanguka. Mtulinga umevunjika. Lori halikusimama. Mikate ilitapakaa barabarani na watu wakaiokota, wengine walimrudishia, wengine walikwenda nayo.

Siku ile nilifika dukani nikauza spea kimya kimya. Mzee mwenye uzoefu wote ule! Jioni nikampigia mama simu Tanga, na kwa ujinga wa mdomo nikamsimulia.

"Iuze hiyo baiskeli, mwanangu."

"Mama, na wewe si ulikuwa unanipakia kwenye keria kunipeleka kliniki?"

"Tanga ile. Na barabara ilikuwa inanijua. Huko nani anakujua?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nimeona bora niwaambie hivyo kuliko kujifanya shujaa. Nilipiga hesabu upya usiku ule. Nikiuza, narudi kwenye daftari la tajiri, narudi kwenye kushinda nimesimama masaa manne kwa siku nimebanwa mbavu. Nisipouza, kuna lori mahali fulani. Nilichofanya ni kununua taa nyekundu ya nyuma inayowaka na kuzima, taa nyeupe ya mbele, na kile kizibao cha rangi ya limau wanachovaa wajenzi wa barabara. Nikikivaa nafanana na afisa wa serikali anayetafuta wa kumtoza faini, lakini wananiona. Na mvua ikinyesha kweli kweli napanda basi, sina ugomvi na mtu.

Jioni sasa, hiyo ndiyo kasheshe. Yale materemko yote ya asubuhi yanakuja kudai deni. Kutoka Ubungo kupanda Kimara, wiki mbili za mwanzo nilikuwa nasimama mara tatu nikijifanya naangalia simu. Siri ni gia nyepesi, na usipandishe hasira. Siri nyingine ni siti. Vijana wengi mnakaa na siti chini kabisa, magoti yanagonga kidevu, halafu mnasema baiskeli inachosha. Ipandishe mpaka mguu ukifika chini kwenye pedeli unyooke, ubaki umekunjika kidogo tu. Jaza upepo tairi liwe gumu. Cheni usiipake oili chafu ya injini, inanasa vumbi na kuila cheni yenyewe. Beba tyubu moja ya akiba na pampu ndogo, maana pancha haichagui pa kukupatia. Shati la kazini likunje ndani ya mfuko wa plastiki. Na kula asubuhi. Kiazi na uji wa ulezi vinakufikisha, chai kavu inakutupa Manzese.

Kwa wiki ya siku sita napiga kilomita 240 hivi, yaani Dar mpaka Morogoro na chenji inabaki. Ningekuwa nanyoosha tu bila kurudi, wiki ya tano ningekuwa nakula sato Mwanza. Suruali zangu mbili zimenilegea kiunoni na zimenibana mapajani, fundi cherehani amecheka mpaka akakalia mkasi.

Mzee wa mikate amerudi, kama mtakuwa mmeanza kumhurumia. Bega moja liko chini kidogo na sanduku amelipunguza, lakini amerudi, na amefunga kioo cha pikipiki kwenye usukani. Nilimuuzia mimi, kwa bei ya dukani, na tajiri akakubali punguzo bila hata kuuliza, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Na yule wa kona ya pili? Juzi kachelewa kazini kwa mara ya pili mwezi huu, kasimama kituoni mpaka viatu vimemuuma. Akanipigia jioni, akazungukazunguka na habari za hapa na pale, mwisho akauliza kujifunza baiskeli kunachukua siku ngapi. Tumepanga Jumapili, kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo jirani na kwao. Sharti lake ni moja, tuanze kabla watu hawajatoka kanisani.