Shokapu za 'sport' na kiuno chako

Gari la milango miwili lililotumika Japani huvutia, hasa likiwa limeshushwa chini. Lakini kama mgongo wako una historia, au nyumbani kuna mjamzito, chagua shokapu na springi za kawaida. Zile za 'sport' ni ngumu. Kwenye kona gari hutulia, ila kila tuta la barabara ya Bagamoyo, Bunju hadi Kerege, linafika kiunoni. Mtikisiko wa kila siku na kukaa muda mrefu huchochea maumivu.

Kabla hujalipa, omba uliendeshe mpaka Bagamoyo na kurudi. Muuzaji akigoma, mwache na gari lake. Asubuhi ukiamka na ganzi inayoshuka mguuni, hilo si la fundi tena, nenda hospitali.