Kabla ya kumpa mwanamke dawa, muulize kama ana mimba

Katika kambi za wahamiaji wa vita hapa Ituri, kila tunapozungumza juu ya afya, akina mama wanarudia swali hili: "Niko na mimba, naweza kunywa dawa?" Majirani wana majibu mawili. Wengine wanasema: kunywa tu, hata mimi nilikunywa hiyo na mtoto wangu ni mzima. Wengine wanasema: mwenye mimba asiguse dawa hata moja, itaharibu mtoto. Majibu haya yote mawili ni ya hatari, na mwenye kulipa ni mama na mtoto.

Maoni yangu ni haya: tumezoea kumtupia mama lawama zote, kwamba alikunywa dawa ovyo. Lakini nani alimuuzia? Nani alimchoma shindano la mgongo bila kumuuliza kitu? Yeyote anayetoa dawa, awe muganga, mwenye famasi au kijana anayetembeza vidonge sokoni, anapaswa kumuuliza mwanamke kwanza: "Una mimba? Siku zako za mwezi uliziona lini?" Swali hilo halina bei.

Swali la pili lina sababu yake. Viungo vya mtoto vinaumbika katika majuma ya kwanza kabisa, wakati mama wengi hawajajua bado kama wana mimba. Mtu akingoja kuona tumbo ndipo aanze kuwa mwangalifu, amechelewa.

Tuangalie dawa ambazo ziko kila mahali. Diclofenac na ibuprofeni zinauzwa kama peremende, kwa maumivu ya mgongo, ya kichwa, ya viungo. Mama aliyebeba maji na kuni mchana kutwa, akilala chini ndani ya hema, mgongo utamuuma tu. Lakini kuanzia juma la 20, yaani mimba ikiingia mwezi wa tano, dawa hizo zinaweza kudhoofisha figo za mtoto na kupunguza maji anamoelea. Mimba ikiendelea kukua, zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake, ambao unapaswa kubaki wazi mpaka azaliwe. Kwa maumivu na homa, paracetamol ndiyo inayoshauriwa zaidi, kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache. Na homa ikiendelea, paracetamol siyo matibabu: mama apimwe malaria.

Tetracycline na doxycycline, ambazo watu wanakunywa kwa kila kidonda na kila tumbo, zinaweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto na kugusa mifupa yake. Kuna dawa nyingine za kuua vijidudu, kama amoxicillin, ambazo waganga wanazitumia kwa wenye mimba. Kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha. Kuna pia misoprostol, ambayo wengine wanaijua kama dawa ya vidonda vya tumbo. Inafanya mji wa mimba ubane. Mama akipewa hiyo kwa sababu ya kiungulia, anaweza kupoteza mimba na kutokwa damu nyingi.

Mtu atasema: kama ni mbaya, mbona inauzwa wazi? Mwaka 1957, kule Ujerumani, dawa iitwayo thalidomide iliingia sokoni. Ilikuwa ya usingizi, ikatumiwa pia na wenye mimba kwa kichefuchefu, na watu waliinunua bila karatasi ya daktari. Iliondolewa huko mwaka 1961, lakini katika nchi mbalimbali watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamezaliwa na kasoro, wengi wakiwa na mikono au miguu mifupi. Hiyo ilikuwa nchi yenye viwanda, madaktari na maabara. Sisi tutajidanganya vipi kwamba kidonge kisicho na boksi, kisicho na karatasi, kilichokaa juani tangu asubuhi, ni salama kwa sababu tu kinauzwa?

Dawa za mizizi na majani nazo niziseme. Siwadharau wazee wetu wanaozijua. Lakini zile za kuharakisha uchungu zinaweza kukaza mji wa mimba kupita kiasi, na hakuna anayejua kikombe kimoja kina nguvu gani. Mama akikunywa, amwambie muganga bila aibu. Na muganga asimkaripie, kwani akimkaripia, siku nyingine atafichwa.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu ni mzito vilevile: kuogopa dawa. Malaria ndani ya mimba inamaliza damu ya mama, vijidudu vinajificha katika kondo la nyuma, na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo sana au akiwa amekufa. Ndiyo maana katika CPN mama anapewa Fansidar ya kukinga, kuanzia mwezi wa nne, angalau mara 3, na angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. Anayetema vidonge hivyo nyuma ya kituo hamlindi mtoto. Na kama tayari anakunywa Bactrim kila siku kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, aseme, maana hizo mbili haziunganishwi. Akiwa ameshikwa na malaria yenyewe, atibiwe, hata katika miezi mitatu ya kwanza. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali artemether-lumefantrine hata katika miezi hiyo.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asiache dawa zake hata siku moja. Bila matibabu, kati ya watoto 100, wanaoambukizwa wanaweza kuwa 15 hadi 45. Kwa matibabu mazuri hawafiki 5. Mwenye kifafa naye asiache ghafla, kwani kuanguka kunaweza kumuua pamoja na mtoto. Lakini kama dawa yake ni valproate, ile wengi wanayoijua kwa jina la Depakine, aende haraka kwa daktari, kwa sababu hiyo inaweza kuharibu viungo na akili ya mtoto, na kuna dawa nyingine za kuchukua nafasi yake. Ingefaa alijue hilo hata kabla ya kubeba mimba.

Vita imefanya haya yote kuwa magumu zaidi. Mtu akikimbia usiku kutoka Djugu au Irumu, habebi karatasi ya CPN. Anafika Bunia, anaanza upya, na hakuna anayejua alishapewa dozi ngapi za Fansidar au alikuwa anakunywa dawa gani. Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wahudumu wa afya wa kambini, wale tunaowaita Reco, wapewe madaftari ya kuandika kila mwenye mimba na kila dawa aliyopewa. Mashirika yanayogawa dawa yahakikishe kwamba paracetamol na dawa za malaria hazikosekani kituoni, kwa sababu pale zinapokosekana ndipo mama anaenda kwa mchuuzi. Na viongozi wa afya wakikagua famasi, wasiangalie ushuru peke yake, waangalie pia kama muuzaji anajua nini hakipaswi kumpa mwenye mimba.

Akina baba, pesa ya kidonge cha sokoni na pesa ya kituo siyo sawa, ninajua. Lakini safari ya kwanza ya CPN, fanyeni mwende wote wawili. Na wewe mama, kama anayekupa dawa hajakuuliza, mwambie mwenyewe kabla hujameza: "Niko na mimba ya miezi fulani." Akikujibu "haina shida" bila hata kuangalia jina la dawa, irudishe, uende kituoni.