Kupimwa Kansa Mapema Huokoa Maisha? Inategemea ni Kansa Gani, Manze

Unakumbuka Julai 2019? Bob Collymore wa Safaricom aliaga tarehe 1. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akaaga tarehe 26, na siku tatu baadaye gavana wa Bomet, Joyce Laboso, akafuata. Wote kansa. Tangu hapo kila mtu ana kampeni yake: tenti uwanjani, tisheti za bure na "pimwa mapema" kila mahali. Lakini kuna swali wasee huwa hawaulizi. Tukipima watu wengi, wanaokufa wanapungua kweli, ama tunajua tu mapema nani atakufa?

Cheki hii hesabu. Kuna msee kansa itamuua 2030, iwe iwavyo. Asipopimwa, anaanza kuumwa 2028, kwa hivyo anaishi na kansa miaka 2. Akipimwa 2023, anaishi nayo miaka 7. Ukihesabu "waliofikisha miaka 5 tangu wagunduliwe", hapo wa kwanza amefeli na wa pili amepita. Na ni msee mmoja, kaburi moja, tarehe moja! Kilichoongezeka ni miaka ya stress.

Wanasiasa hupenda sana hii hesabu. Mwaka 2007 Rudy Giuliani, akisaka urais wa Marekani, alijigamba kwamba nafasi ya kupona kansa ya tezi dume kwao ilikuwa 82%, na Uingereza 44% tu. Noma, sivyo? Ukiangalia vifo vyenyewe sasa, hizo nchi mbili hazikuwa zimeachana sana. Wamarekani walikuwa wanapima wanaume wengi damu, kwa hivyo walipata kansa mob, zikiwemo zile ambazo zingekaa tu mwilini bila kukusumbua mpaka ufe na kitu kingine.

Halafu kuna Korea Kusini, hii ndo ilinimaliza. Nchi ilianza kupima watu kansa kwa mpango wa kitaifa 1999. Tezi ya thairoidi, ile iko shingoni, haikuwa kwa listi, lakini hospitali zikaanza kuuza altrasaundi ya shingo kwa bei ya chini kama nyongeza. Kufika 2011, waliopatikana na hiyo kansa walikuwa zaidi ya 40,000 kwa mwaka mmoja, mara 15 ya 1993. Vifo? Chini ya 400, havikuwa vimesonga. Karibu wote wakapasuliwa shingo, wengi sasa ni dawa kila siku maisha yote. Madaktari wengine walipopiga kelele 2014, watu wakaacha kupimwa ovyo na idadi ikashuka mbio.

Kugundua mapema pia si lazima kusaidie. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kuhusu kansa ya ovari. Matokeo ya 2021: kipimo kimoja kilishika kansa nyingi zikiwa bado changa, lakini vifo havikupungua.

So tuache kupimwa? Zii, tulia kwanza. Kansa ya mlango wa kizazi ni stori tofauti, kwa sababu inachukua miaka mingi kukomaa, na zile seli zinazoelekea kuharibika unaweza kuzitoa kabla zigeuke kansa. Wilayani Osmanabad, India, wanawake zaidi ya 130,000 wa vijijini waligawanywa makundi. Kundi lililopimwa virusi vya HPV mara moja tu lilipoteza wanawake 34 kwa hiyo kansa. Kundi ambalo halikupewa kipimo, karibu saizi ileile, likapoteza 64. Huko Mumbai walitumia siki, jamaa ya ile unamwagia chipo, ikipakwa na wanawake wa kawaida waliofunzwa kazi. Wakarudia kila miaka miwili, na vifo vikashuka 31%. Kule Osmanabad siki ya mara moja haikuonyesha tofauti ya maana, kwa hivyo hiyo kurudia si mchezo.

Huku kwetu kansa hii inakadiriwa kuua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka, na mwenye HIV ana hatari mara sita zaidi. Kwa hivyo hapa pesa ya serikali ingefanya kazi, kuliko altrasaundi za kila kiungo. Ila wale wa India walitibiwa baada ya kipimo. Tenti inayong'olewa jioni, majibu yakabaki kwa faili ya mtu, haijaokoa yeyote.

Ukialikwa kwa camp, uliza: mnapima kansa gani, nikipatikana nayo nani ananitibu, na nalipa ngapi? Na mathako kama hajawahi kupimwa HPV, mpeleke. Siste mdogo akifika miaka 10, chanjo ya HPV iko bure tangu 2019.