Mwalimu na Mashine Mpya

Walimu wetu vijana wa darasa la Jumamosi wameniuliza kama waitumie akili mnemba, iliyoenea tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022. Itumieni. Maswali ishirini hutungwa huku chai haijapoa. Ila mashine hukisia neno lipi lifuate neno, na hukosea bila ya kuona haya. Kwanza ijaribuni kwa mnalolijua: upepo gani ulileta majahazi ya Maskati mpaka Unguja? Ikisema kusi badala ya kaskazi, isahihisheni. Watoto wetu wengi huku Uingereza Kiswahili wanakipata hapo darasani tu. Kosa likishaandikwa ubaoni, hawana pengine pa kulisahihishia. Na majina yao msiipe mashine. Mkikwama nipigieni simu, ila si wakati wa magharibi.