Ghala la Taifa na Mkimbiaji Mwenye Njaa

Asimamaye njia panda ya Uyole kabla ya mapambazuko, pale barabara itokayo Kyela na Tukuyu inapokutana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam, huona malori yakipita moja baada ya jingine, yamesheheni mikungu ya ndizi za Rungwe, magunia ya mchele wa Kyela, na viazi vya Uporoto vilivyofungwa lumbesa hata vikafanya nundu mdomoni mwa gunia. Na pembezoni mwa barabara hiyohiyo, katika baridi inayouma masikio, huona vijana wawili watatu wakikimbia kwa bidii ya kusifika, jasho likiwatiririka, ilhali hawajatia kitu tumboni tangu ugali wa jana jioni. Chakula kinashuka kwenda kulisha mji ulio mbali, na mwanariadha anapanda mlima na njaa yake. Nimeishi katika nyanda hizi muda wa kutosha kuyaona mambo haya mawili pamoja mpaka yakakaribia kuwa mazoea machoni pangu, na muradi wangu leo ni kueleza kwa nini hatupaswi kuyazoea.

Mwaka mmoja nilikwenda kutazama mbio za wanafunzi katika shule ambayo sina haja ya kuitaja. Binti mmoja mwembamba, mwenye umri upatao miaka 14, aliyekuwa akiwaongoza wenzake kwa hatua nyingi, alipofika kona ya mwisho alianza kuyumba kama mtu aliyeamshwa usingizini, akapiga magoti, kisha akalala ubavu majanini. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi na chai chini ya mti alimfikia kabla yetu sote. Alimwinua kichwa akakilaza pajani pake, akamenya ndizi mbivu, akaimega vipande vidogo vidogo kwa vidole, akamnywesha chai yenye sukari nyingi katika kifuniko cha chupa.

"Umekula nini leo, mwanangu?"

"Sijala, mama."

"Na jana?"

"Ugali na mboga. Tumeambiwa tumbo likiwa zito, na miguu nayo huwa mizito."

Hazikupita dakika 20 nuru ikamrudia usoni, akaketi, akauliza ni nani aliyeshinda.

Itikadi hiyo ya tumbo tupu nimeisikia Mbeya, nimeisikia Iringa na Mafinga, nayo imedumu kwa sababu ina chembe ya kweli ndani yake: mtu akila mlima wa ugali na maharage kisha akaanza kukimbia papo hapo, kichomi kitamshika, na huenda akatapika. Lakini dawa ya jambo hilo ni kula mapema, wala haijapata kuwa kukaa na njaa. Mwili wa mwanadamu huweka sukari yake ya akiba katika misuli na ini, kwa umbo ambalo wataalamu huliita glikojeni. Na akiba hiyo, hata kwa mtu aliyeshiba siku mbili tatu mfululizo, aghalabu hukaribia gramu 500, yaani nguvu ya takriban kilokalori 2,000. Mkimbiaji naye hutumia karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita, na kwa hiyo kijana wa kilo 60 anayetaka kuzimaliza kilomita 42 za marathoni atahitaji kilokalori zipatazo 2,500. Mafuta yaliyomo mwilini humsaidia, ila mafuta huwaka polepole, hayawezi kubeba peke yake mwendo wa kasi. Basi hapo baada ya kilomita ya 30 ndipo wengi huona miguu yao imegeuka magogo. Aliyelala na njaa na akaamka na njaa hufikiwa na saa hiyo mapema zaidi, kwa kuwa ini, ambalo kazi yake ni kuulisha ubongo sukari usiku kucha, huwa limekwisha kumwaga sehemu kubwa ya akiba yake kabla mwenyewe hajafunga kamba za viatu. Binti yule hakukosa moyo. Alikosa uji.

Maarifa haya yana umri wa karne moja. Mwaka 1924 madaktari wa Boston, Marekani, waliwapima damu wakimbiaji waliomaliza marathoni ya mji huo, wakakuta kwamba waliofika wakiwa hoi sukari yao ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Mwaka uliofuata wakawapa wakimbiaji vyakula vya wanga kabla ya mbio na peremende njiani, na hali zao zikawa njema. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Uswidi walitoa vipande vidogo vya misuli kwa sindano, wakathibitisha kwamba alaye wanga kwa wingi siku chache kabla ya kazi huikuza akiba yake na kustahimili muda mrefu zaidi. Na karibu yetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wakimbiaji mahiri 10 wa Kenya ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyokula ilitokana na wanga, na vyakula vyenyewe vilikuwa ugali, wali, viazi, uji, maharage, kabichi na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Hakuna kimoja katika hivyo kisichopatikana katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, au katika soko kuu la Iringa. Kwa hiyo nionapo kijana wa Nyanda za Juu Kusini akijinyima mlo wa siku tatu ili anunue kipakiti cha ute mtamu kilichotoka ng'ambo, roho huniuma, kwa maana amekwenda mbali kununua kile ambacho jirani yake anakipakia kwenye lori.

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, akamshinda kwa sehemu 3 za mia za sekunde, akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Kila nikizikumbuka mita zile za mwisho nafikiri kwamba mbio iliyokwisha kula kilomita 42 za nguvu za mtu haiwezi kuamuliwa na nia peke yake. Lazima mwilini kuwe kumesalia kitu cha kutumia. Simbu ametoka Singida, na wengi wa wakimbiaji wetu wenye sifa wametoka Arusha, Manyara na pande hizo. Lakini hata kwetu, Iringa iliyo kimo cha takriban mita 1,600, Mbeya iliyo mita 1,700, na uwanda wa Kitulo ulio juu zaidi ya mita 2,600, zina vilima na hewa nyepesi vya kutosha kulea watu wa namna hiyo.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa chakula kipo, kasoro iko wapi? Jibu lake ni chungu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika mkoa wa Iringa watoto takriban 57 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, Njombe 50, na Rukwa kiasi hicho hicho, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Ni mikoa inayolisha wengine. Mahindi huuzwa, maziwa huuzwa, mayai huuzwa, parachichi husafirishwa. Mama hushinda shambani tangu alfajiri hata magharibi, na mtoto huachiwa uji mwembamba wa sembe asubuhi na ugali mweupe usiku. Mwanariadha wetu anatoka katika sahani hiyohiyo. Huwezi kumchukua kijana aliyelelewa kwa rangi moja ya chakula, ukampa viatu na fulana yenye namba, ukategemea misuli yake ifanye miujiza.

Katika kasoro za sahani hiyo, ile inayonishughulisha kuliko zote ni ya madini ya chuma, ambayo damu huyahitaji ili ibebe hewa, na ambayo msichana anayekimbia huyapoteza kila mwezi na kuyahitaji zaidi kuliko mwenzake aliyeketi. Maharage yetu yana chuma, mboga za majani zina chuma, lakini ni chuma kisichonyonywa kwa wepesi, na sisi, wakazi wa nchi ya chai, tuna desturi ya kuteremshia mlo kwa kikombe cha chai ya Mufindi au ya Rungwe. Tanini za chai hushikamana na chuma hicho tumboni, na sehemu kubwa yake hutoka mwilini bila kumfaa mlaji. Sisemi chai iachwe. Nitakuwa mtu wa mwisho kusema hivyo. Chai ya maziwa yenye sukari baada ya mazoezi ni neema kubwa. Nasema isogezwe saa moja mbali na mlo wa maharage, na mahali pake mezani pakae pera, chungwa au kachumbari ya nyanya, kwa kuwa ukali wa matunda hufungua mlango ule ambao chai huufunga. Na pale inapowezekana, dagaa wa Ziwa Nyasa au kipande cha nyama, hata kiwe kidogo, kiongezwe.

Nilikutana na kijana mmoja Iringa, dereva wa bodaboda, ambaye kila Jumamosi hukimbia kutoka Ipogolo, akaupandisha mlima ule mkali mpaka mjini, akazunguka Gangilonga na kurudi. Tulipokwisha kuamkiana, kamwene kwa kamwene, nikamuuliza anakula nini njiani. Akatia mkono mfukoni akatoa mfuko mdogo wa nailoni: viazi 3 vidogo vilivyochemshwa na maganda yake, vimenyunyiziwa chumvi, bado vina uvuguvugu. "Viazi vya mama, mzee. Kimoja Ipogolo, kimoja juu, kimoja nikigeuza." Hakuwa amesoma kitabu chochote juu ya jambo hilo, naye alikuwa amepatia: akimbiaye zaidi ya saa moja hufaidika kwa gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi mbivu 2 za wastani hutoa kiasi cha 50. Wenzake, aliniambia kwa masikitiko, msimu wa mvua humaliza mazoezi wakaenda moja kwa moja kwenye ulanzi; yeye huenda nyumbani kunywa nusu lita ya maziwa mgando na kula yai na kiporo cha viazi, na hapo, ajue asijue, hupata zile gramu 20 za protini ambazo misuli iliyochoka huzingoja.

Kabla ya mbio yenyewe, shibe ya wali au ndizi za kupika iwe muda wa saa 3 mapema, na maharage na kabichi vipunguzwe tangu jana yake ili kuepuka gesi; hayo yatosha kusemwa.

Msimu wa mbio za shule unakaribia, na nina ombi moja kwa walimu na wazazi wa pande hizi. Wanafunzi 50 wakipewa nusu lita ya uji kila mmoja, ni lita 25. Kwa lita hizo zinatakiwa kilo 3 za unga wa ulezi, kilo moja na nusu ya sukari, chumvi kidogo, sufuria moja kubwa, na mtu wa kuamka saa 10 alfajiri awashe moto ili saa 11 na nusu watoto wawe wamekwisha kunywa, mbio zianze saa 1 na nusu. Mkungu wa ndizi mbivu uwekwe kwenye kona ya mwisho. Walio tayari waniarifu kupitia mhariri wa gazeti hili; sukari nitaleta mimi.