Sigara ya USB: tuzungumze na watoto mbele ya moto



Leo tunagusa kitu ambacho kinaingia nyumbani polepole: sigara ya umeme. Si ile tu inayouzwa katika boksi la rangi. Vijana wenye akili ya kufungua redio na telefone wanajaribu kuitengeneza wenyewe, kwa kamba ya USB ya kuchajia telefone. Tusicheke, wala tusikimbilie fimbo. Tuelewe kwanza.

Sigara ya umeme ya leo ilianzishwa na Hon Lik, mfamasia wa China, mwaka 2003. Haichomi tumbaku. Umeme unapasha moto uzi mdogo wa chuma, uzi unageuza maji mazito kuwa mvuke, na mtu anavuta. Katika maji hayo mara nyingi muna nikotini, ile ile ya tumbaku. Inamshika mtu mpaka akitaka kuacha anashindwa, na kijana inamshika upesi kuliko mkubwa.

Mama mmoja alituuliza: kama hakuna moshi, hatari iko wapi? Tuangalie Marekani. Mwaka 2019 watu wengi, hasa vijana, waliugua mapafu kwa mvuke huo. Mpaka Februari 2020 walihesabu wagonjwa 2,807, na 68 kati yao walikufa. Wengi walivuta maji ya bangi yaliyochanganywa kienyeji, ndani muna mafuta ya vitamini E. Mafuta hayo ukiyala hayakudhuru, lakini mapafu si tumbo. Basi mtoto anayetia mafuta ya kupikia ao marashi katika kifaa chake, anapeleka nini kifuani?

Hatari ya pili ni moto. Kamba ya USB inatoa volti 5. Bateri ya telefone inajaa kwenye volti kama 4.2 hivi, na kuna kifaa kidogo ndani kinachokata umeme ikishajaa. Kijana akiunganisha bateri ya zamani moja kwa moja na kamba, hakuna tena wa kukata. Bateri inavimba, inapata moto, inawaka. Hapa kwetu umeme wa SNEL ukirudi usiku, kila mtu anachaji huku amelala, mara nyingi juu ya godoro. Kule Kadutu nyumba za mbao zinagusana. Moto wa nyumba moja ni moto wa avenue nzima.

Tufanye hivi:

– Bateri iliyovimba tusiichaji tena, tusiitoboe, wala tusiitupe katika mbabula.

– Tusichaji kitu juu ya kitanda. Tuweke juu ya simenti, mbali na nguo.

– Kitu kikianza kutoa moshi, tukate umeme kwanza, tutoe watoto nje, tuite majirani.

– Chupa ya maji ya nikotini iwe mbali na wadogo. Mtoto akiyanywa, hata kidogo, ni sumu: twende hospitali mara moja, na chupa mkononi.

Na mtoto mwenyewe? Tumuulize kwa upole: ulijifunza wapi, nani anavuta pamoja nawe, unavuta mara ngapi? Akiogopa kipigo atajificha, na mahali pa kujificha ndipo moto unapoanzia.

Tukumbuke pia kwamba mkono unaojua kuunganisha uzi ni mali. Sehemu kubwa ya kobalti inayoingia katika bateri za dunia inatoka katika inchi yetu, kama kule Kolwezi, lakini watoto wetu wachache wanafundishwa namna bateri inavyofanya kazi. Mji wetu una shule za ufundi, kama Fundi Maendeleo. Una pia mafundi wa telefone kila kona. Tumpeleke huko wakati wa likizo, ajifunze kutengeneza taa ya kusomea usiku umeme ukikatika.

Wababa nao wasomewe ukurasa huu. Mtoto anayeona sigara mdomoni mwa baba hasikii maneno ya mama peke yake.