Ugumu wa Agizo Si Burhani

Imeenea miongoni mwetu, tangu makanisa ya mabati ya Kawangware hadi yale ya mawe ya Riruta, itikadi kwamba agizo likiwa zito mno, likachukiwa na nafsi na kukataliwa na akili, basi bila shaka limetoka kwa Mungu, na kwamba aulizaye kabla ya kutii imani yake ina doa. Itikadi hii ni batili, na madhara yake si haba.

Mama auzaye sukuma wiki kando ya barabara ya Naivasha, naye ana deni la kodi ya chumba, huambiwa Jumapili apande mbegu, yaani atoe sadaka, kwa fedha hizo hizo za kodi, nambari ya M-Pesa ikitangazwa kwa kipaza sauti, na akisita husimuliwa habari za Ibrahimu aliyekuwa radhi kumtoa mwanawe. Mwenye nyumba ajapo kutia kufuli lake juu ya kufuli la mama huyo, mhubiri haonekani. (Sina ugomvi na sadaka, nimetoa, na nitatoa.)

Wanaomtaja Ibrahimu aghalabu hukoma kabla kisa hakijesha. Ibrahimu hakutumwa na jirani yake, wala hapakuwapo mja aliyechuma faida kwa msiba wake. Na kisu kilipokwisha inuliwa, Mola mwenyewe alikizuia akaleta kondoo, jambo ambalo Waislamu wa Kibera huliadhimisha kila Idul-Adha kwa kuchinja mnyama na kuwagawia majirani nyama. Lakini kule Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, waumini waliokwisha uza mali zao waliteketea kwa moto ndani ya nyumba ya ibada. Na katika msitu wa Shakahola, Kilifi, tangu Aprili 2023, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, za watoto zikiwamo, za watu walioamini kuwa kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Hapakushuka kondoo. Lau ugumu ungekuwa burhani, ni imani gani ingekuwa sahihi kuliko ya marehemu hao?

Dini ina taklifu nzito, nakiri. Lakini tawakali si kutii bila kuuliza: mgonjwa wa kifua kikuu amezaye dawa za zahanati miezi sita mfululizo, ilhali madhabahuni ametangaziwa kuwa amekwisha pona, huyo ndiye namwona mwenye tawakali.

Basi, msomaji, ukiagizwa jambo zito kwa jina la Mungu, uliza nani atakayelipa na nani atakayepokea. Na mwagizaji akighadhibika kwa kuulizwa, chukua kodi yako ukamlipe mwenye nyumba.